Umekosea Namba

Katika lugha yetu yapo maneno mengi ya kumfukuza mtu, lakini sidhani kama yapo mafupi na makali kuliko haya mawili: umekosea namba. Husemwa upesi, kwa sauti ya mtu aliyesumbuliwa, kisha simu hukatwa. Aliyepiga amepoteza fedha zake na papo hapo amehukumiwa. Hakuna aliyemuuliza lolote. Hakuna aliyechunguza kama aliyekosea ni yeye, au ni mtambo, au ni aliyemwandikia namba ile kwenye karatasi, au ni namba yenyewe iliyobadilishwa pasipo yeye kuambiwa. Amekosea, basi. Mimi naipinga hukumu hiyo, ndugu msomaji, na naomba unipe nafasi nieleze kwa nini.

Ninaishi Kizota, upande wa magharibi wa mji wa Dodoma, kwenye barabara iendayo Singida. Wageni hutufahamu kwa mambo mawili: ukumbi ambamo Chama Cha Mapinduzi kilifanya Mkutano Mkuu wake mwaka 2012, na maghala ya nafaka ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Sisi wenyeji twaijua Kizota kwa malori. Yanatoka Dar es Salaam yakienda Singida, Mwanza, na mengine hata Rwanda na Burundi. Yanarudi na alizeti, mpunga na ng'ombe. Dereva hulala hapa usiku mmoja, hula, hutengeneza tairi, kisha huondoka. Mahali palipo na wasafiri wengi namna hii pana watu wengi pia wanaotafutwa.

Sasa, namba yangu ya simu inatofautiana kwa tarakimu moja tu na namba ya bwana mmoja anayewatafutia madereva mizigo. Yeye na mimi hatujapata kuonana. Lakini kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikipokea simu zake: za madereva waliokwama, za wenye magunia, za wake wanaouliza waume zao wamefika wapi. Mwanzoni nilikasirika kama mtu yeyote. Baadaye nikaanza kuwasikiliza, na nilivyowasikiliza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba watu hawa si wazembe. Wengi walikuwa wakipiga gizani, au ndani ya gari linalorukaruka, au kwa simu ya kuazima, wakisoma namba iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono.

Jioni moja alipiga mama mmoja kutoka Tabora. Akauliza kama mimi ndiye fulani wa malori. Nikamjibu, "Hapana, mama, shikamoo. Unamtafuta nani?" Akasema, "Marahaba, baba. Namtafuta mwanangu, ni utingo, wamepita huko na gari la mchele. Mwambie baba yake..." Hapo simu ikakatika. Nilipoipiga namba ile akapokea mwenye duka. Akaniambia yule mama alikuwa amelipia dakika moja tu, na ameshaondoka zake. Asubuhi nilikwenda yadi kuuliza utingo kutoka Tabora. Walikuwapo watatu, wawili hawakuwa na baba aliye hai, na wa tatu alikuwa ameondoka kabla ya alfajiri kwenda Dar es Salaam. Ujumbe ule haukufika, na mpaka leo sijui ulikuwa nini. Mtu aniambie, dhambi ya mama huyu ilikuwa ipi? Tarakimu moja. Na adhabu yake ilikuwa fedha yake yote ya siku ile, na mume wake nyumbani akisubiri jibu.

Hoja yangu ni hii. Kila mara simu ilipoendelea, wakubwa walituambia kwamba matatizo yamepungua. Ni kweli, mengi yalipungua. Lakini kosa halikuondolewa. Lilihamishwa tu kutoka mabegani mwa wenye mitambo likawekwa mabegani mwa mpigaji, na hasa mpigaji aliye safarini, ambaye ndiye mwenye haraka zaidi na fedha kidogo zaidi.

Tuanze na zama za opareta. Wenye umri wangu wanakumbuka simu za mbali zilivyokuwa, wakati wa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na hata baada yake. Ulikwenda posta, ukaandikisha simu yako, ukakaa kwenye benchi kungoja kuitwa. Wengine walingoja nusu siku. Siisifu hali ile, wala sitamani irudi. Lakini ilikuwa na jambo moja jema: katikati ya wewe na mtu wako palikuwa na binadamu. Ulimtajia jina na mji, naye akatafuta. Namba ikiwa si yenyewe, yeye ndiye aliyejua na yeye ndiye aliyejaribu tena. Kosa lilikuwa kazini kwake, halikuwa mfukoni mwako.

Huko Marekani inasimuliwa kwamba Almon Strowger, mtu aliyekuwa akifanya kazi ya kuzika maiti, alichoshwa na opareta ambaye simu za wateja wake alizielekeza kwa mshindani. Kwa hasira akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila opareta, akapata hataza yake mwaka 1891. Ni habari ya kuchekesha, lakini tazama matokeo yake. Opareta alipoondolewa, iliondoka hila yake, na uliondoka pia msaada wake. Tangu siku hiyo kazi ya opareta tunaifanya sisi, bila mshahara, na tukiikosea tunalipa.

Kisha vikaja vibanda vya simu za umma. Hapa nina ushahidi wangu mwenyewe. Mwaka 1996 nilikuwa nikisafiri kwa treni kwenda Mwanza. Treni iliposimama kwa muda mrefu katika mji mmoja wa kando ya reli, niliteremka nipige simu Dodoma, ambako mama yangu alikuwa amelazwa. Kibanda kilikuwa na simu ya kutumbukiza sarafu, na karibu yake alikaa dada mmoja mwangalizi. Nikatumbukiza sarafu, nikabonyeza 061, ndiyo iliyokuwa namba ya Dodoma siku zile, kisha namba ya jirani yetu. Nikajikuta katikati ya wanaume wawili wanaopatana bei ya ng'ombe. Nikawaomba radhi, wakaniambia nimekosea namba. Nikatumbukiza tena, ng'ombe yule yule. Dada akasema, "Kaka, unakosea namba." Nikampa karatasi yangu, nikamwomba apige yeye kwa mkono wake. Akapiga kwa makini, akasikiliza, akacheka: ng'ombe alikuwa amefikia elfu arobaini na tano.

Basi ikathibitika kwamba mwenye kosa ni mtambo. Je, sarafu zangu zilirudi? La hasha! Kibanda kile kilijua kupokea, hakikujua kurudisha. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina Dodoma limetokana na tembo aliyedidimia matopeni. Fedha zangu nazo zilididimia vivyo hivyo, na filimbi ya treni ikalia. Habari za mama nilizipata siku tatu baadaye. Alikuwa anaendelea vizuri, namshukuru Mungu, lakini siku zile tatu za mashaka hakuna aliyezilipia. Mwenye kibanda simtaji, kwa kuwa shida haikuwa ya kibanda kimoja. Ilikuwa ni kanuni nzima iliyosema: simu ikikubali, umelipia huduma, simu ikikataa, umelipia kujaribu.

Halafu zikaja zama za kubadilisha namba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dodoma iliacha 061 ikawa 026, Dar es Salaam ikaacha 051 ikawa 022, na namba za majumbani na maofisini zikaongezewa tarakimu mbele. Katikati ya miaka ya 2000 zikabadilishwa za simu za mkononi: 0744 ikawa 0754, 0741 ikawa 0713. Sababu zilikuwapo, namba za zamani zisingetosha watu wote waliokuwa wanakuja. Lakini fikiria mtu aliyeondoka kwao Mpwapwa akaenda kuchimba madini Geita, akarudi mtandaoni baada ya muda mrefu na daftari lake la zamani. Kila alichoandika kilikuwa sahihi siku alipokiandika. Kuta za maduka, risiti na barua za ukoo ziliendelea kubeba namba zilizokufa. Aliyezipiga aliambiwa na mashine kwamba namba hiyo haipo, kana kwamba ameibuni mwenyewe.

Na anayevuka mpaka ana mtihani zaidi. Simu ile ile ya mezani iliyoko Dodoma ina sura tatu. Ukiwa Morogoro unaanza na 026. Ukiwa Muscat au London unaiacha sifuri, unaanza na 255 baada ya alama za kutokea nchi uliyoko. Ukiwa Nairobi kuna njia ya majirani: 007 kuja Tanzania, kama ilivyo 005 kwenda Kenya na 006 kwenda Uganda. Mimi naupenda utaratibu huo wa majirani. Ni ukumbusho kwamba sisi ni watu wa nyumba moja. Lakini nani amewahi kumfundisha abiria wa basi hayo? Aliyebandika tangazo ukutani ameandika namba yake kwa namna anayoijua yeye. Msafiri anaibonyeza kama alivyoisoma, na kwa mara nyingine anaambiwa amekosea.

Wapo watakaosema: makosa ya vidole ni ya kibinadamu, mtambo ufanyeje? Jibu ni kwamba mtambo unaweza kufanya mengi, na wataalamu wanajua hivyo tangu zamani. Kabla simu za vitufe hazijaanza kuuzwa Marekani mwaka 1963, Maabara ya Bell ilijaribu mipangilio mbalimbali ya vitufe kwa watu wa kawaida, ikapima kasi yao na makosa yao, na matokeo yakachapishwa mwaka 1960. Ndiyo maana leo 1 iko juu kwenye simu yako. Huo ndio uungwana wa fundi: anaanza kwa kukubali kwamba mtu atakosea, kisha anamwekea njia ya kukosea kidogo.

Zaidi ya hapo, mwaka huo huo wa 1960, Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alipata hataza ya hesabu rahisi ya kukamata makosa. Tarakimu ya mwisho ya namba hukokotolewa kutokana na zile zilizoitangulia. Ukikosea tarakimu moja yoyote, hesabu haikubali. Ukibadilishana mbili zinazofuatana, karibu mara zote haikubali pia. Hesabu hiyo inalinda namba za kadi za benki. Inalinda pia ile namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu yako, unayoiona ukibonyeza *#06#. Angalia basi mambo yalivyo: chombo chenyewe kimewekewa ulinzi dhidi ya tarakimu iliyokosewa, lakini namba ya mtu unayempigia haikuwekewa. Katika namba za simu, tarakimu moja ikiteleza hakuna kinachokuonya. Unaingia moja kwa moja nyumbani kwa mtu mwingine, na kwangu mimi huingia kila wiki.

Siku za sarafu hasara ilikuwa ndogo. Tangu mwaka 2008, fedha zilipoanza kutumwa kwa simu nchini mwetu, kukosea namba kumekuwa kukosea ada ya shule, nauli na fedha ya dawa. Miaka michache iliyopita ziliingia kwangu shilingi 60,000 kutoka kwa mkulima wa Manyoni. Nilielewa mara moja zilikuwa za yule jirani yangu wa namba. Nikampigia: "Ndugu yangu, fedha yako imekuja kwangu kwa makosa." Akanijibu, "Nyie matapeli nawajua!" akakata. Sikumlaumu. Nani asiyeujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaotumwa kwa maelfu ya watu ukingoja anayedaiwa na mtu aukute? Matapeli wamejifunza kwamba nchi nzima inaishi kwa wasiwasi wa namba, wakaufanya wasiwasi huo kuwa shamba lao. Matokeo yake, mwizi anaaminiwa na anayerudisha fedha anatukanwa. Ilibidi nipige huduma kwa wateja, na muamala ukarudishwa siku ya pili. Magunia ya alizeti ya bwana yule yalikuwa yamelala barabarani siku mbili kwa kukosa nauli ya lori.

Leo ukituma fedha, huduma nyingi zinakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Ni jambo jema sana, nami nalipongeza. Lakini linathibitisha hoja yangu. Kama jina linaweza kuonyeshwa leo, tuliokuwa tunaitwa wazembe jana hatukuwa wazembe. Tulinyimwa kitu ambacho kingewezekana.

Najua pia pingamizi la mwisho: ya nini kulilia vibanda, kila mtu ana simu mfukoni? Mwenye kusema hivyo hajasafiri siku mbili kwa basi. Simu huishiwa chaji, huibiwa stendi, huanguka chooni, huishiwa salio. Siku hiyo msafiri mwenye simu nzuri ni sawa kabisa na asiyekuwa nayo. Namba 112 ya polisi ipo, na ni ya bure, lakini nayo yataka chombo cha kuipigia. Zamani angetafuta kibanda. Sasa anatafuta uso wenye huruma, amwombe mtu asiyemjua simu yake, naye aliyeombwa anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

Wala si kweli kwamba dunia nzima imeona vibanda ni upuuzi. New York iliondoa kibanda chake cha mwisho cha simu cha jiji mwaka 2022, nasi tuliposikia tulidhani ndiyo maendeleo. Lakini Australia, ambako simu za mkononi zimejaa, kampuni ya Telstra mwaka 2021 ilizifanya simu zake za vibandani kuwa za bure kwa kupiga popote nchini humo. Nako Uingereza msimamizi wa mawasiliano aliamua mwaka 2022 kulinda vibanda vipatavyo 5,000 visiondolewe, hasa mahali penye ajali nyingi au ambako mtandao ni hafifu. Kama nchi hizo zilizoendelea zinaona msafiri anahitaji simu ya umma, sisi wenye barabara ndefu za Singida na Tabora tumepata wapi ujasiri wa kusema haihitajiki?

Kwa hiyo nadai mambo manne, na siyadai kama hisani. Kila stendi kuu ya mabasi, kila kituo cha treni na kila hospitali ya wilaya iwe na simu moja ya umma, ya bure kwa dakika mbili, iliyofungwa ukutani kama bomba la maji. Sekunde za mwanzo za kila simu zisitozwe fedha, ili aliyefika mahali si pake aombe radhi na kuondoka bila kutozwa. Namba inapobadilishwa au inapopewa mtu mwingine, anayeipiga aelezwe hivyo kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa muda wa kutosha. Na fedha iliyokwenda kwa namba isiyo yake irudi kwa utaratibu wa haraka, usiotegemea wema wa aliyeipokea. Serikali iliweza kusajili laini zetu zote kwa alama za vidole, ikaweka mwisho wake tarehe 20 Januari 2020. Walioweza kukitambua kila kidole hawawezi kuniambia kwamba kukilinda kidole kisipoteleza ni kazi iliyowashinda.

Na mpaka hayo yatakapofanyika, sisi wapokeaji tunao wajibu mmoja mdogo. Simu ikilia na sauti ngeni ikauliza mtu usiyemjua, usikimbilie kuhukumu. Uliza kwanza, unamtafuta nani, uko wapi. Msomee namba yako polepole, alinganishe na aliyoandikiwa. Ni sekunde ishirini tu. Kwa mtu aliyesimama stendi usiku, mwenye asilimia mbili za chaji, sekunde hizo ndizo zitakazoamua kama atalala kwa ndugu zake au juu ya mizigo yake.